Simu ya mezani na intaneti kwenye waya mmoja: mmeuliza, nawajibu

Kamwene. Kuna watu wanadhani simu ya mezani imebaki kwenye ofisi za parokia na kwa wakuu wa shule tu, kumbe wapi, meseji zenu zimejaa kwenye simu yangu na karibu zote ni za wenye laini ya waya nyumbani, humohumo wanapiga simu na humohumo wanapata intaneti. Nimechukua matano. La pili nitalikalia kidogo maana ndo linasumbua wengi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Gangilonga, Iringa. Waya unaoingia kwangu ni uleule wa miaka yote. Inakuwaje naongea na mwanangu huku mjukuu yuko kwenye intaneti na vitu visichanganyike?

Shikamoo mwalimu. Chukulia redio yako, stesheni zote zinapita kwenye hewa ileile hapo Gangilonga ila ukiiweka pale penyewe unasikia moja. Waya nao ni hivyohivyo. Sauti ya mtu kwenye simu inakaa kwenye masafa ya chini, kama hezi (mitikisiko kwa sekunde) 300 mpaka 3,400, na intaneti ya ADSL, yaani hii ya waya wa simu, inaanzia juu huko, kama kilohezi 25 mpaka 1,104, sehemu ndogo ya kutuma na sehemu kubwa ya kupokea, ndo maana mjukuu anashusha video haraka ila kutuma picha anasubiri. Katikati pameachwa nafasi ili zisigusane. Ile ya zamani, modemu inayolia kama jogoo kabanwa mlangoni, hiyo ilikuwa inapiga simu kabisa na kukaa kwenye njia ya sauti, mtu wa chumba cha pili akiinua mkonga tu umekatika, na mwisho wake ulikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, tena hapo ni kwenye boksi, sio kwenye maisha.

Nipo Forest Mpya, Mbeya. Tangu nifungiwe intaneti simu ina kelele shhhh, na simu ikiita tu mtandao unakata. Fundi kaja mara mbili, kabadilisha na ruta, bado iko vilevile.

Dada yangu, hiyo ruta unaionea bure. Dalili zote mbili kuja pamoja hivyo, mimi cha kwanza naangalia filta. Ni kile kidude kidogo, mara nyingi cheupe, kinachokaa kati ya simu na soketi ya ukutani, kazi yake ni kuiachia simu yale masafa ya chini peke yake na kuzuia yale ya juu ya intaneti yasiingie. Kikikosekana, simu inasikia intaneti kama ule mvumo wa shhhh unaousema, na simu nayo inaivuruga intaneti. Kwanini hasa ikiita? Kwa sababu laini ikitulia ina volti kama 48 za umeme wa moja kwa moja, sasa simu ikipigwa unakuja umeme mwingine wa kugeukageuka, volti kama 90 hivi, wa kuitikisa kengele, halafu ukiinua mkonga hali ya waya inabadilika ghafla tena. Kama hakuna filta hapo, simu ikipokea hayo yote inaivuruga intaneti, taa ya DSL (ya laini ya intaneti) kwenye ruta inaanza kupepesa, na ruta inaanza upya kuongea na kituo cha simu.

Sasa watu wengi wanakosea hapa: wanaweka filta moja kwenye simu ya sebuleni basi, wamemaliza. Hapana. KILA kitu kinachotumia hiyo laini kama simu kinataka ya kwake, simu ya chumbani, faksi, hata king'ora cha wezi kama kinapiga simu kupitia hapo. Kasoro ruta tu, yenyewe inataka masafa yote, ukiichomeka kwenye tundu la simu la filta haitapata kitu. Au fundi aweke splita moja pale waya unapoingilia nyumbani, itenganishe mapema, hiyo ndo safi zaidi na nyumba nzima inakuwa huru.

Mimi mwenyewe yalinikuta nikiwa naishi Soweto hapa Mbeya. Wiki mbili nzima intaneti inakata kila saa nne usiku, nimelaumu kila mtu, nimelaumu hadi baridi. Kumbe nyuma ya kabati la mama kuna simu ya kijivu ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, bado imechomekwa, na saa nne ndo muda ambao shangazi anampigia. Ile simu haikuwa na filta. Nikaweka, yakaisha.

Kwahiyo fanya hivi kabla hujamuita fundi mara ya tatu. Chomoa simu zote, na nasema zote, pita chumba kwa chumba hadi nyuma ya makabati. Acha ruta peke yake kwenye soketi ya kwanza kabisa. Kaa nayo siku nzima. Ikitulia, rudisha simu moja moja na filta yake, ukirudisha moja mambo yakaharibika basi umeipata, ni simu hiyo au filta yake, maana nazo zinakufa.

Tukuyu. Mvua ikinyesha intaneti inakuwa konokono na simu inakwaruza. Ni ruta?

Kaka, hapo kwenu kunanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, waya utapona wapi. Maji yanaingia kwenye viungio vya nje, shaba inaota kutu ya kijani, na intaneti inaumia kabla hata ya sauti. Chomoa ruta, weka simu peke yake usikilize, kama bado inakwaruza ripoti kwamba SIMU ni mbovu, usiseme intaneti, vinginevyo utaambiwa uzime uwashe ruta mpaka uchoke. Na radi zikianza chomoa waya wa umeme na wa simu pia, wengi wanachomoa wa umeme tu halafu ruta inaungulia upande wa pili. Ndaga.

Nipo Uyole. Jirani wa mjini anapata spidi nzuri, mimi kifurushi kilekile nasota. Ninunue ruta kubwa?

Usinunue. Ni umbali. Masafa ya juu yanachoka haraka kwenye shaba, ADSL2+ (ADSL iliyoboreshwa) inafika megabiti 24 kwa sekunde ukiwa karibu na kituo, ila ukifika kilomita kama 5 za waya (za waya, sio za bodaboda) unabaki na makombo. Mkongo wa taifa, ile njia kuu ya faiba ya nchi, umepita mpaka Tunduma na Kasumulu huko mipakani lakini hicho kipande cha mwisho mpaka mlangoni kwako kama ni shaba basi ndo kinachoamua. Ulizia faiba, ule waya wa kioo, imefika mtaa wako au bado.

Mafinga. Umeme ukikatika intaneti inakufa ila simu inaendelea, kwanini? Na nikihamia faiba itakuwaje?

Simu ya mkonga wenye waya inakula umeme unaotoka kituo cha simu, zile volti 48 nilizosema juu, wao wana mabetri. Ruta yako inategemea umeme wa ukutani, na simu zisizo na waya za kutembea nazo ndani pia, kile kitako chake kikizimika nazo kwisha. Faiba ni kioo, haileti umeme, kwahiyo kile kiboksi chake kikizima na simu iliyounganishwa hapo inazima, utahitaji betri ya kukishikilia. Kama unabaki na shaba ile simu ya waya usiigawe, na ukitaka kujua kama ipo hai zima meinswichi jioni moja, inua mkonga, usikilize mlio.