Tiketi ina namba ya KLM lakini ndege ni ya Delta: isomwe vipi?

Shikamoo Mzee. Umeeleza kwamba binti yako anatoka Dar es Salaam kwenda masomoni Minneapolis, Marekani, kupitia Amsterdam, kwamba karatasi ya tiketi inaonyesha namba za KLM, shirika la Uholanzi, kwa safari zote mbili, lakini chini ya safari ya pili kuna mstari mdogo unaoitaja Delta, shirika la Marekani, na ulipotafuta kwenye simu ukakuta ndege ya Delta inaondoka Amsterdam dakika ile ile kwa namba nyingine kabisa. Unauliza kama ni ndege mbili au moja, nani wa kufuatwa likitokea tatizo, na kama aina ya ndege iliyoandikwa inaweza kutegemewa. Nimekuwa nikikatia watu tiketi hapa Mbeya kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimevuka Atlantiki kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Ndege ni moja. Namba ndizo mbili, na pengine ni tatu au nne, kwa sababu Air France na Virgin Atlantic nao huweza kuuza viti katika ndege hiyo hiyo kwa namba zao. Ukisimama chini ya ubao wa matangazo pale Schiphol, kiwanja cha Amsterdam, utaona mstari mmoja wenye saa moja na geti moja, huku namba zikipokezana: KL, kisha DL, kisha AF, kisha VS. Sisi wa barabara ya Mbeya tunaijua habari ya kukata tiketi ya basi la kampuni moja, halafu ukafaulishwa kwenye basi la kampuni nyingine ukifika Makambako. Kwenye ndege, kufaulishwa huko kumepangwa tangu mwanzo na kumeandikwa kwenye tiketi, na sheria inamtaka muuzaji alitaje shirika litakalokubeba. Kanuni za Marekani, na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2111 ya mwaka 2005, zote zinadai abiria ajulishwe ni shirika lipi hasa litakalorusha ndege. Ule mstari mdogo uliokutia wasiwasi ndio unaotimiza matakwa hayo, na kwa maoni yangu hakuna mstari wenye uzito kuliko huo katika karatasi nzima.

Wala si ajabu kwamba jambo hili limekukuta katika safari ya Minneapolis. Mji huo ulikuwa makao ya shirika la Northwest, ambalo lilishirikiana na KLM. Mwaka 1992 Marekani na Uholanzi zilitiliana saini mkataba wa kufunguliana anga, na mwaka 1993 serikali ya Marekani ikayaruhusu mashirika hayo mawili kupanga nauli na ratiba pamoja, bila kushtakiwa kwa kuua ushindani. Northwest ilimezwa na Delta mwaka 2008, na ushirika ukaendelea chini ya jina jipya, wakiwemo Air France na, baadaye, Virgin Atlantic. Washirika wa namna hii hugawana mapato ya safari za Atlantiki, na ndiyo sababu KLM haioni hasara kukuuzia kiti cha Delta. British Airways na American wana ushirika wao, na Lufthansa, United na Air Canada wana wao.

Kuhusu namba zenyewe, ipo desturi inayosaidia. KLM huzipa ndege zake zinazovuka bahari namba za tarakimu tatu. Kwa mfano KL641 inatoka Amsterdam kwenda New York, na KL642 inarudi. Ukiona KL yenye tarakimu nne inayoanza na 6, mara nyingi hiyo ni ndege ya Delta, na DL yenye tarakimu nne inayoanza na 9 mara nyingi ni ndege ya KLM. Desturi hiyo isikufanye uache kusoma ule mstari, kwa sababu anayerusha ndege ndiye mwenye kaunta, mwenye geti na mwenye wahudumu. Pale Heathrow, kiwanja cha London, kwa mfano, makao ya British Airways ni terminali ya 5, ilhali American hutumia terminali ya 3. Abiria mwenye namba ya BA kwenye ndege ya American akienda terminali ya 5 kwa kufuata herufi mbili za mwanzo, atalazimika kupanda treni kurudi alikopaswa kuwa, na saa haimsubiri. Vilevile, ukitaka kuifuatilia ndege ya binti kwenye simu ikiwa juu ya bahari, tumia namba ya Delta.

Sasa swali la nani wa kufuatwa. Tafuta kwenye karatasi namba ya tiketi yenyewe, ambayo ina tarakimu 13, na utazame tatu za mwanzo: 074 ni KLM, 006 ni Delta, 057 ni Air France. Hizo zinakuonyesha shirika lililotoa tiketi. Kabla ya siku ya safari, mabadiliko ya tarehe na marejesho ya fedha ni kazi ya shirika hilo, au ya wakala kama ulinunua kwake, na Delta hata wakiwa waungwana namna gani watakurudisha huko huko. Siku ya safari, ndege ikichelewa au kuahirishwa, wa kumwendea ni yule anayerusha, yaani Delta kwa kipande cha Amsterdam hadi Minneapolis. Omba pia namba ya uhifadhi ya upande wa Delta, ile ya herufi na tarakimu sita, kwa sababu mara nyingi huwa tofauti na ya KLM, na bila hiyo binti atapata shida kuchagua kiti.

Mizigo isikusumbue sana. Kwa safari inayoanzia au kuishia Marekani chini ya tiketi moja, kanuni za huko zinataka kiwango cha mizigo na malipo yake viwe vile vile njia nzima. Begi likipotea au kuharibika, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Marekani ni wanachama wake, unamruhusu abiria kulidai shirika alilofunga nalo mkataba au lile lililombeba. Malalamiko yawe ya maandishi: ndani ya siku 7 kwa begi lililoharibika, na siku 21 tangu kukabidhiwa kwa lililochelewa.

Kuna mahali ambapo jina la mrushaji linageuka kuwa fedha. Tuseme wakati wa likizo binti anasafiri kutoka Minneapolis na kuishia Amsterdam, na ndege inachelewa saa nne au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inatoa fidia ya euro 600 kwa umbali huo, lakini kwa ndege inayoingia Ulaya kutoka nje, kanuni hiyo inalibana shirika la Ulaya linaporusha lenyewe. Akiwa na namba ya KLM ndani ya ndege ya Delta, hapati. Akiondokea Amsterdam kuanza safari yake, inalibana shirika lolote. Nauli ikiwa sawa na saa zikikaribiana, mimi humchagulia mteja wangu ndege inayorushwa na shirika la Ulaya wakati wa kuelekea Ulaya, na sioni sababu ya kufanya vinginevyo.

Aina ya ndege ni habari tu. Usiichukue kama ahadi. Kwenye tiketi huandikwa kwa kifupi: 333 ni Airbus A330-300, 339 ni A330-900, 359 ni A350-900, 772 ni Boeing 777-200, 789 ni Boeing 787-9. Niliwahi kuwahudumia wazee wawili wa Rungwe, mume na mke, waliokuwa wakienda kumwona mtoto wao Toronto. Nikawachagulia viti viwili vya pembeni kwenye A330, ambayo daraja la kawaida hupangwa viti viwili, vinne, viwili, ili mama akae dirishani na mzee, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, akae kwenye njia bila mgeni kati yao. Majuma machache kabla ya safari, shirika likaweka 787, yenye viti vitatu vitatu vitatu, na mfumo ukawapangia upya: mama safu ya 31 katikati, mzee safu ya 38 dirishani. Hakuna ujumbe uliotumwa. Niligundua kwa sababu nina tabia ya kuufungua uhifadhi kila wiki, na viti vya kukaa pamoja vilikuwa bado vipo. Nawe fanya hivyo kila wiki, na tena siku mbili kabla ya kuondoka.

Kuhusu injini mbili, kwa kuwa mama yake binti ameuliza: zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja cha kutua kwa dharura. Mwaka 1985 TWA, shirika la Marekani, iliruhusiwa kupita kikomo hicho kwa Boeing 767, na leo nyingi ya ndege zinazovuka Atlantiki ni za injini mbili. Njia hupangwa kwa kuzingatia viwanja kama Shannon (Ireland), Keflavík (Iceland) na Gander (Kanada), hivyo mama asihofu.

Hukusema binti atafikaje Dar. Kama kipande cha kutoka huku juu ni tiketi ya peke yake, KLM hawawajibiki akiikosa ndege yao, na hapa kwenye kiwanja chetu cha Songwe ukungu umeshawahi kuzuia ndege asubuhi nzima. Pia atapaswa kuchukua mizigo yake na kuhama kutoka jengo la safari za ndani kwenda terminali ya 3. Alale Dar usiku mmoja. Ukipenda, niandikie hapa tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi, hizo tatu tu bila namba nzima, nami nitakuambia umpigie nani kesho asubuhi.