Zawadi, kazi zenu zinakuja na majina mengine

Zawadi mwanangu, voisi yako nimeisikiliza kwenye daladala ya Gongo la Mboto huku nimebanwa mlangoni, unauliza mama hivi nikimaliza hii digrii ya sanaa za maonyesho nani ataniajiri, maana kila ukisema unachosoma watu wanacheka eti kwa hiyo utaigiza bongo muvi. Nakuandikia maana mi kuongea na simu peke yangu siwezi.

Wanaocheka waache wacheke. Ni kweli tangazo la "anatafutwa mhitimu wa maonyesho" hutaliona, ukikaa kulisubiri utazeeka. Utaona afisa uhamasishaji, afisa mawasiliano, prodyusa wa vipindi, mratibu wa matukio, afisa utamaduni, na mle ndani kumejaa mnachofundishwa hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mi nimekula chumvi kwenye unesi, nakwambia nilichokiona. Tukienda mtaani kuelimisha habari za ukimwi au malaria tukiwa na vipeperushi tu, wanakuja wamama wachache na watoto wao. Siku tukiongozana na kikundi cha ngoma na maigizo uwanja unafurika, mpaka wazee wa bao wanaacha kete wanasogea. Ila mwanangu angalia nani anaitwa tena mradi ukija, si lazima yule anayechekesha, ni yule aliyekaa na watu kwanza akawasikiliza, akatunga igizo likaishia pale ambapo watu wenyewe wanaanza kubishana, halafu usiku akaandika ripoti mfadhili akaielewa. Ripoti Zawadi! Wasanii wengi wazuri wanakwama hapo hapo.

Na hiyo njia wameifungua walimu wa chuo chenu wenyewe. Akina Penina Mlama na Amandina Lihamba walienda kijiji cha Malya kule Mwanza mwaka 1982 na 1983, wakafanya maigizo na wanakijiji juu ya mimba za wanafunzi. Baadaye 1996 wakaanzisha mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wanaigiza matatizo yao mpaka walimu na wazazi wanasikia, na FAWE, lile shirika la elimu ya wasichana Afrika, wakaichukua wakaipeleka nchi nyingine za Afrika, na Profesa Mlama huyo huyo akaja kuiongoza FAWE. Sasa atakayekwambia maigizo hayana ofisi mwambie hilo.

Kingine, zile tamthilia za Kituruki ambazo bibi yako akiziangalia hataki mtu apite mbele ya tivii, wale Waturuki Kiswahili wamejifunzia wapi? Kuna mtu yuko studio anatazama mdomo wa mwenzie anapachika sauti, kuna aliyetafsiri, kuna anayesimamia kilio kisizidi. StarTimes mwaka 2016 walifanya shindano la sauti hapa nchini na walioshinda wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo. We una sauti, hilo hata kanisani wanajua. Rekodi kidogo kidogo, tangazo la redio, hadithi ya watoto, uwe na kitu cha kumtumia mtu akiuliza.

Ualimu anaoung'ang'ania shangazi yako sio mbaya, ila digrii yako si ya elimu kwa hiyo utatakiwa kusoma stashahada ya uzamili ya elimu kwanza. Uafisa utamaduni upo kwenye halmashauri, unaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, nafasi zenyewe za kuhesabu. Na ukipiga hesabu za mshahara kumbuka Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, usije ukapanga nyumba Sinza kwa hela ambayo sio yako.

Kuigiza sikukatazi, igiza. Ila jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na bila mkataba usipande gari la lokesheni, mtoto wa jirani yetu kalala huko wiki nzima akarudishwa na nauli na ahadi.

Ninachokitaka mimi ni ujue kazi moja ya nyuma ya jukwaa kabla hujamaliza. Taa, sauti, au kusimamia jukwaa, chagua mwenyewe. Waigizaji wako wengi Dar hii, lakini mtu anayejua kwa nini maiki inapiga kelele anatafutwa kwenye kongamano, kwenye harusi, kwenye mkutano wa injili, hata kwenye kampeni. Nenda TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ukaulizie kozi zao, magari ya Bagamoyo yapo Makumbusho pale, nauli nakutumia Ijumaa nikipata. Pitia na Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii pale Mikocheni, uone wanafanyaje kazi.

Na ile CV uliyonitumia futa "mimi ni mchapakazi ninayejituma", kila mtu anaandika hivyo. Andika lile igizo uliloliongoza mwaka jana, mlikuwa wangapi, mlichangisha shilingi ngapi, nani alikataa kuja mazoezini na ulimfanyaje mpaka akaja. Ukimaliza nitumie tena niisome kabla hujampa mtu, na baba yako anauliza mchele umefika?

Mama yako