Mahindi yamepanda kwa asilimia 12: niuze gunia au niuze mbuzi?

SWALI: Salaam, mtaalamu. Mimi ni mkulima na mfugaji wa Kongwa, Dodoma. Nyumbani tuko saba. Msimu huu nimevuna magunia 40 ya mahindi, na zizini nina mbuzi 22. Nimesikia redioni kwamba bei ya mahindi Septemba hii imepanda kwa asilimia 12 ukilinganisha na Agosti. Kuanzia sasa hadi Januari nahitaji kama shilingi 600,000 za trekta, mbegu na vibarua wa palizi. Jirani ananiambia niuze mahindi upesi kabla bei haijageuka. Mke wangu anasema tuuze mbuzi. Chama chetu cha kuweka na kukopa kiko tayari kunikopesha kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Hizi takwimu za mwezi kwa mwezi zinasomwaje ili mtu asipotee?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Mke wako yuko karibu na jibu kuliko jirani, lakini inategemea mbuzi gani na mwezi gani.

Tuanze na hiyo asilimia 12. Inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isikusaidie chochote. Mahindi ya Dodoma, kama yale ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, yanategemea mvua za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Yanaanza kuingia sokoni Mei, yanafurika Juni na Julai, na hapo ndipo bei inapolala. Kuanzia Agosti shehena inapungua na bei inapanda kidogo kidogo hadi Januari na Februari, wakati vihenge vya wengi vimebaki vitupu. Kwa hiyo Septemba kuipita Agosti ni jambo la karibu kila mwaka. Swali ni imeipita kwa kiasi gani kuliko ilivyozoea.

Sisi wa takwimu tunalijibu kwa kitu tunachokiita kielezo cha msimu, na wewe unaweza kukitengeneza kwa daftari na kikokotoo cha simu. Chukua bei za kila mwezi za soko lako kwa miaka mitano hivi. Kwa kila mwaka tafuta wastani wa miezi 12, gawa bei ya kila mwezi kwa wastani huo, zidisha kwa 100. Kisha kwa kila mwezi tafuta wastani wa ile miaka yote. Tuseme Agosti inakupa 88 na Septemba 92. Hapo msimu peke yake hupandisha bei kwa karibu asilimia 4.5 kati ya miezi hiyo miwili. Ukisikia asilimia 12, karibu 5 ni mwendo wa kawaida na kama 7 ndiyo habari mpya. Hiyo 7 ndiyo ya kuulizia sababu: je, wanunuzi wameongezeka, au mzigo umepungua?

Hapo nina tahadhari mbili. Usitumie kielezo cha mkoa mwingine wenye mvua tofauti. Arusha, Kilimanjaro, Tanga na Kanda ya Ziwa wana vuli na masika, na mahindi ya vuli huvunwa mnamo Januari na Februari, miezi ambayo kwako ni ya njaa. Pia usiache mwaka mmoja wa ajabu utawale hesabu. Mwanzoni mwa 2023 gunia la kilo 100 lilivuka shilingi 100,000 katika masoko mengi ya jumla, kisha mavuno mazuri yakafuata na bei ikashuka sana. Mtu aliyehifadhi akiitazama bei ya 2023 tu aliumia. Ndiyo maana nasema miaka mitano, na ikiwezekana angalia ule mwaka wa katikati ukizipanga bei kutoka ndogo hadi kubwa, usitazame wastani peke yake.

Kabla hujaiamini bei yoyote, uliza gunia lilikuwa la kilo ngapi. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kiasi, tunaijua wote. Nilipoanza kazi nilikuwa nakusanya bei sokoni, na kosa lililonigharimu usingizi ni hilo. Mwezi mmoja wafanyabiashara wananunua lumbesa ya kilo 125 kwa shilingi 70,000, mwezi unaofuata mizani imewekwa sokoni na gunia la kilo 100 linanunuliwa 60,000. Kwenye karatasi niliandika kwamba bei imeshuka. Ukweli ni kwamba mkulima alikuwa anapata shilingi 560 kwa kilo, sasa anapata 600. Andika bei kwa kilo, siku zote. Hata debe halifai kwa kulinganisha, maana debe la kufuta, lililosawazishwa juu, na debe la kichwa, lililorundikwa, hayafanani.

Bei za jumla za mazao makuu hukusanywa na Wizara ya Viwanda na Biashara. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa fahirisi za bei kila mwezi, na Benki Kuu huchapisha taarifa ya uchumi ya kila mwezi yenye akiba ya nafaka iliyoko kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Hiyo ya akiba usiiruke. Wakala akiwa ananunua, bei ya chini inapata sakafu. Akianza kutoa mahindi yake sokoni, kupanda kwa bei kunapunguzwa kasi.

Wewe uko jirani na soko kubwa la mahindi la Kibaigwa, na bei ya Kibaigwa inasikiliza Nairobi. Malori yanayopitia Namanga, mpakani na Kenya, yakiwa mengi, bei inapanda hata kama kwenu mahindi yamejaa. Mavuno makubwa ya Kenya, yale ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, huanza kuingia mnamo Oktoba hadi Desemba, na hapo mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka hupoa kidogo. Pia kuna mambo ambayo hakuna kielezo kinachoyaona: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, na ingawa zuio lililegezwa siku chache baadaye kwa masharti, aliyekuwa na lori barabarani wiki ile hakuokolewa na takwimu.

Sasa tuje kwenye mbuzi, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanatazama bei ya mahindi peke yake, bei ya mbuzi peke yake, ujira wa kibarua peke yake. Wewe unaishi ndani ya hizo tatu kwa pamoja. Jiulize mbuzi mmoja ananunua gunia ngapi, na gunia moja linalipa siku ngapi za kibarua.

Chukua mfano. Septemba mbuzi mzuri ni 90,000 na gunia ni 60,000: mbuzi mmoja ni gunia moja na nusu. Januari familia nyingi zinapeleka mbuzi mnadani kwa sababu ya ada, sare na chakula. Wauzaji ni wengi, mbuzi wametoka kwenye kiangazi wamekonda, na bei inakuwa 70,000. Gunia nalo limefika 70,000. Mbuzi yule yule sasa ni gunia moja. Hakuna aliyeiba, na umepoteza nusu gunia kwa kila kichwa. Katika ukame uwiano huu huporomoka kabisa. Wenzetu wa Longido na Monduli waliona hivyo 2009, na Simanjiro mwishoni mwa 2021 hadi mwanzoni mwa 2022, mifugo ilipokufa kwa maelfu: aliyengoja ng'ombe akonde ndipo auze, aliuza ngozi.

Mbuzi anastahimili zaidi kuliko ng'ombe kwa kuwa anakula majani ya vichaka. Kwa hiyo una dirisha, tena lina sehemu mbili. Kuna Septemba hii, wakati bado ana mwili, na kuna wiki mbili kabla ya Krismasi, ambapo wachinjaji wa Dodoma na Dar es Salaam wanatafuta nyama. Katikati ya Krismasi na Februari usiuze kama una namna nyingine. Kuhusu Idi ya kuchinja, kumbuka kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa katikati ya Juni, 2025 mwanzoni mwa Juni, na itaendelea kusogea kuelekea Mei na Aprili. Mtu anayesema "Juni mbuzi wana bei" anakumbuka Idi za miaka iliyopita. Katika daftari lako weka alama ya sikukuu, usiandike mwezi tu.

Ujira wa kibarua ndio unaosahaulika kuliko vyote, na mimi naona ndio unaosema ukweli mapema. Tuseme sasa siku moja ni 5,000. Gunia la 60,000 ni siku 12 za kazi. Januari, palizi imepamba moto, ujira unapanda hadi 6,000, lakini gunia limefika 72,000: bado ni siku 12. Kibarua ameongezewa elfu moja na sufuria yake haijaongezeka kitu. Mwaka mbaya ni mbaya zaidi. Mvua zikichelewa, mashamba ya kupalilia ni machache na watu wanaotafuta kazi ni wengi, hivyo ujira unabaki 5,000 huku gunia likifika 100,000. Siku 20 za jembe kwa gunia moja. Ukiona uwiano huo unapanda hivyo kijijini kwako, jua njaa imeingia nyumba za watu kabla haijaonekana kwenye taarifa yoyote. Nakuomba uwape vibarua wako nafasi ya kuchagua kulipwa kwa debe kwa bei ya siku hiyo. Wengi watashukuru, nawe unaepuka kusafirisha gunia kwenda sokoni ili upate hela ya kumlipa mtu ambaye ataenda kununua unga.

Turudi kwenye 600,000 zako. Ni sawa na magunia 10 ya leo. Ukikopa ili usiyauze magunia hayo, kisha uyauze Februari, miezi mitano ya riba ni asilimia 15, yaani 9,000 kwa kila gunia. Tuseme daftari la miaka mitano linakuonyesha kwamba kutoka Septemba hadi Februari bei ilibadilika kwa asilimia 35, 40, 10, kushuka 5, na 30. Wastani ni 22: gunia la 60,000 linafika 73,200, faida 13,200. Toa riba 9,000. Toa mfuko wa kuhifadhia usiopitisha hewa, ambao ukitunzwa unadumu misimu kadhaa, tuseme 2,000 kwa msimu. Toa asilimia 2 ya uzito unaopotea, kama 1,460. Unabaki na shilingi 740 hivi kwa gunia, tena katika mwaka wa wastani. Kwa mkopo huo, kungoja hakulipi.

Ukiuza mbuzi saba kwa 90,000 unapata 630,000 bila riba, na umeuza mali ambayo ilikuwa inaelekea kupungua thamani ili kulinda mali inayoelekea kupanda. Nafasi hiyo jirani yako hakuiona. Uza mabeberu uliowahasi na majike wazee au wasioshika mimba. Majike yanayozaa usiyaguse, kwa sababu hao ndio mbuzi wako wa miaka mitatu ijayo. Ukiwa huna saba wa aina hiyo, peleka wanne sasa, wengine Desemba, na pengo la katikati lizibe kwa magunia mawili matatu. Hela ya palizi iweke mbali na mkono, maana fedha ya Septemba kufika Januari ni safari ndefu.

Kwa mahindi, kwanza tenga ya nyumbani. Watu saba kwa kilo 10 za mahindi kila mmoja kwa mwezi, Septemba hadi Mei, ni kilo 630. Weka magunia nane yasiyojadiliwa. Yaliyobaki ni 32, na hayo usiyaweke kwenye mwezi mmoja. Uza kama theluthi moja kati ya sasa na Novemba, hasa ukiona malori ya Nairobi yapo. Nyingine Januari. Ya mwisho ingoje Februari, baada ya kuona mvua. Kabla ya hapo soma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, unaotolewa kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wakisema chini ya wastani kwa mikoa ya kati, ongeza fungu la mwisho, na uharakishe mbuzi.

Haya yote ni kwa mahindi makavu. Yakauke hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, na yakaushwe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Ukiwa huna kipima unyevu, weka mahindi machache na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, ambaye barani Afrika alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anageuza gunia kuwa unga kwa miezi michache, ila kwenye mfuko usiopitisha hewa anakufa. Sumukuvu haiondoki kwa mfuko wala kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi ya nyumbani. Punje zenye ukungu zitoe kabla hujafunga, hata zile unazotaka kuwapa kuku.

Niandikie Novemba ukiwa na bei tatu za kwenu: mahindi kwa kilo, mbuzi wa ukubwa ule ule kila unapokwenda mnadani, na kibarua kwa siku. Ukiweza, waombe wazee wakukumbushe bei za Septemba na Februari za miaka iliyopita, na kila mwaka mtu aliuza nini. Tutakitengeneza kielezo cha Kongwa pamoja.