Ukihamishiwa msuli begani, linda wiki sita za mwanzo

Kano ya bega, yaani ukamba unaounganisha msuli na mfupa, ikichanika na kukaa muda mrefu, msuli wake hunywea, hujaa mafuta, na kano hujivuta ndani hata isifike tena kwenye mfupa. Hapo kushona hakusaidii. Daktari bingwa wa mifupa anaweza kuhamisha msuli mwingine. Unaotumika sana ni msuli mpana wa mgongo, kwa njia aliyoieleza Christian Gerber wa Uswisi mwaka 1988.

Upasuaji huu haumfai kila mtu. Msuli wa juu wa bega na kano ya mbele lazima viwe vizima, na kiungo kiwe hakijalika. Mzee wa miaka 70 ambaye mkono haunyanyuki kabisa na gegedu, ule utando laini wa kwenye kiungo, limekwisha, kiungo bandia humfaa zaidi.

Baada ya upasuaji mkono hufungwa kwenye kifaa kinachouweka mbali na mwili, umegeuzwa nje, usiku na mchana kwa takriban wiki 6. Hapa ndipo wengi huharibu. Kukitoa kifaa na kuulaza mkono tumboni, au kujikuna mgongoni, kunavuta kano ambayo haijashika mfupa, nayo hung'oka. Vaa shati la vifungo, ukianza na mkono mgonjwa. Bodaboda usipande.

Kisha msuli ufundishwe kazi mpya. Tangu zamani umezoea kuvuta mkono chini, kama unavyovuta kamba ya ndoo kisimani. Sasa unatakiwa kuugeuza nje na kusaidia kuuinua. Weka kiganja cha mkono mzima nyuma ya kwapa, kohoa: unaokaza hapo ndio wenyewe. Halafu bana kiwiko ubavuni taratibu, na huku umebana, geuza mkono nje. Dakika chache mara kadhaa kwa siku zinazidi saa nzima mara moja kwa wiki. Mpira wa kuvuta usubiri wiki 12.

Kwa mtu wa Kongwa au Kondoa, nauli ya kufuata mazoezi Dodoma mjini kwa miezi mitatu ipangwe kabla ya upasuaji. Ikikosekana, ni heri kuahirisha. Mkulima wa zabibu wa Hombolo naye, kwa kuwa mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, msimu mmoja awaachie ndugu: kupogoa na jembe havigusi kabla ya miezi 6, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima.

Ukipata homa, usaha, ganzi isiyoisha, au maumivu ya ghafla yakifuatiwa na mkono kukataa kugeuka nje, rudi hospitali siku hiyohiyo.