Fundi Nisaidie: Kunyanyua Hilux ya Viazi

Swali: Shikamoo fundi, nina Hilux, nabeba viazi toka Isyonje, njia ya Kitulo, mvua ikinyesha tumbo linaburuza matope. Ninyanyue kiasi gani, na shokapu zipi? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Inchi 2, kama sentimita 5 hivi, zinakutosha kabisa, ukizidi hapo shafti za mbele zinakaa pembe kali, zile raba zake zinachanika unakuta grisi imetapakaa mpaka ndani ya rimu, nimezifungua nyingi sana. Spesa tupu, kile kipande cha kuinulia kinachopachikwa kwenye springi, usikubali, inainua tu haiongezi nguvu, wewe wa magunia chukua springi za uzito unaobeba kila siku, ila zikiwa ngumu mno siku gari tupu nyuma inarukaruka kwenye kona, hatari ile. Shokapu funga za gesi, mafuta yake hayafanyi povu haraka kwenye mitikisiko, na urefu uendane na springi. Ukimaliza kafanye alaimenti, yaani kunyoosha matairi yakae sawa, siku hiyohiyo.