Injini Iliyochemka Kwenye Geji Tu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia usiku wa manane. Kafunga turbo mwenyewe, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, geji ya joto la maji inasoma nyuzi 108, keshabadilisha sensa mbili na themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta, na sasa fundi anamwambia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imekwisha, injini ifunguliwe. Nilipofika hapo nikainuka kitandani. Ndugu yangu, usifungue kitu kwanza. Mkasa huo naujua.

Mimi nami nilifunga turbo kwa mikono yangu, na sitaficha, nilijiona mhandisi. Wiki ya kwanza gari lilivuta mpaka nikacheka peke yangu. Wiki ya pili geji ikaanza kupanda: 104, 105, tena usiku zaidi kuliko mchana. Nikabadilisha themostati. Nikabadilisha mfuniko wa rejeta, kisha rejeta yenyewe, nikaweka nene. Nikaongeza feni ya pili, na ajabu, ikiwaka geji inazidi kupanda! Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikaenda kwa fundi niliyekuwa namheshimu. Akaitazama turbo yangu, akacheka mbele ya vijana wake, akasema hayo ndiyo malipo ya kiherehere, gasketi imekwenda. Kicheko kile bado nakisikia.

Kilichoniokoa ni kipimajoto cha kuelekeza, kile chenye umbo la bastola. Nilikilenga penye themostati: 91. Geji ndani inasema 105. Nikazima taa kubwa kwa sababu zilikuwa zinanipiga machoni, na geji ikashuka papo hapo hadi 97. Nikawasha, 105. Nikazima, 97. Maji gani hayo yanayopoa nyuzi 8 kwa kufumba na kufumbua?

Sensa ya joto la maji niliyofunga ni ya waya mmoja, ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi, ni chuma cha injini. Ukinzani wa sensa hizi hushuka joto likipanda, kwa hiyo volti ikishuka kwa sababu yoyote ile, geji hudhani ni joto. Nami siku ya kufunga turbo nilirudisha waya mnene wa ethi ya injini juu ya bano nililolipaka rangi mpya, lipendeze. Taa na feni zikiwaka, umeme unaorudi kwenye alteneta, mashine ya kuzalisha umeme iliyofungwa kwenye injini, unabanwa pale penye rangi, na sensa inasingiziwa. Maltimita, kile kipimo cha umeme, ilithibitisha: ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye hasi ya betri, injini inanguruma, taa zote zimewaka, tofauti volti 0.3. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Nikakwangua rangi, nikakaza boliti. Robo saa.

Sisi wa turbo tuna ugonjwa wa kununua kabla ya kupima. Pimeni! Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua swichi bila kuwasha injini: sensa ya maji na ya hewa zikaribiane, na ya presha ya manifoldi, yaani bomba la kugawa hewa kwenye silinda, isome kama kilopaskali 100 ukiwa usawa wa bahari. Kisha washa injini, ipate moto, cheza na taa na feni huku unatazama geji. Pimeni, narudia. Kipimajoto cha nje nacho kikisema 108, hapo si utani, zima injini. Na gasketi iliyokufa ina dalili zake: maji yanapungua bila kuvuja, mapovu kwenye rejeta, mipira ya maji kukakamaa injini ingali baridi.

Sensa ya joto la hewa nayo ilinisumbua, maana niliichomeka kwenye manifoldi ya chuma, ikawa inapima joto la chuma na kompyuta inarudisha nyuma cheche bure. Niliihamishia kwenye bomba baada ya interkula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, gari likaamka.

Msomaji wangu kajibu leo asubuhi. Akiwasha taa, geji inaruka nyuzi 6. Bado hajaigusa ethi. Anasema fundi keshaagiza gasketi na anaona aibu kumrudia.