Kebo ya gari ikikataa pawa stesheni: kabla ya kununua nyingine, pima ethi

Mkuu, nimelisoma swali lako. Una gari la umeme, Nissan Leaf ya kWh 24 kutoka Japani, una pawa stesheni (betri ya kubebeka yenye soketi) ya wati-saa 2,000 uliyoinunua kwa ajili ya umeme kukatika, na kila ukiichomekea kebo ya kuchajia gari, kile kisanduku kilicho kwenye kebo kinawaka taa nyekundu. Ukutani kebo hiyo hiyo inachaji. Fundi amekwambia kebo imekufa. Usitoe hela bado. Mimi naendesha Leaf hapa Dar na nina pawa stesheni inayolingana na yako, na nilikutana na taa hiyo hiyo. Kebo yako ni nzima.

Kile kisanduku wengi tunadhani ndiyo chaja, lakini chaja iko ndani ya gari. Kisanduku ni mlinzi wa getini tu. Kinapima umeme unaoingia, kinahakikisha ethi (waya wa ardhi) ipo, kisha kinaliambia gari linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi. Kikiridhika, utasikia rilei (swichi yake ya ndani) ikigonga "tak" ndani yake, na kwenye Leaf taa moja kati ya zile tatu za bluu chini ya kioo cha mbele inaanza kuwaka na kuzima. Hiyo "tak" usipoisikia, jua mlinzi hajafungua.

Umeme wa nyumbani nyutro yake (waya wa kurudisha umeme) imeungwa na ardhi kule kwenye transfoma. Ukipima laivu (waya unaoleta umeme) na ethi unapata kama volti 230, ukipima nyutro na ethi unapata karibu na sifuri. Pawa stesheni nyingi haziko hivyo. Laivu na nyutro zote zinaelea, hakuna iliyoungwa na ethi. Chukua maltimita upime ya kwako: laivu na nyutro itakupa 230 safi, lakini laivu na ethi itakupa mia na kitu, na nyutro na ethi mia na kitu vilevile. Kisanduku kikiona hivyo kinahesabu kwamba ethi haipo, kinafunga. Na kina haki, kwa sababu kinga yake ya kuzima umeme unapovuja kwenye bodi ya gari inahitaji njia ya kurudi kwenye nyutro. Bila njia hiyo kinga haina cha kupima.

Dawa yake ni plagi tupu ambayo ndani yake nyutro na ethi zimeungwa kwa waya, laivu haijaguswa. Unaichomeka kwenye soketi nyingine ya pawa stesheni hiyo hiyo, kebo ya gari unaichomeka pembeni yake, basi. Mwambie fundi umeme aifunge, asikisie, na apime kwanza, kwani kuna stesheni ambazo zimeshaungwa kwa ndani.

Hapa naomba unisikilize vizuri, mkuu. Plagi hiyo ipake rangi, iandike kwa maka peni, na isionekane kamwe kwenye soketi ya ukutani. Pia usiitumie wakati pawa stesheni yenyewe imechomekwa ukutani inajazwa. Katika hali hiyo stesheni nyingi zinapitisha umeme wa nyumba moja kwa moja, na wewe utakuwa umeunga nyutro ya nyumba na ethi ya nyumba. Kama una breka ya kuzuia uvujaji itaanguka. Kama huna, umeme wa nyutro utapita kwenye waya wa ethi, na humo ndani kuna watoto wanashika friji. Na akitokea mtu wa kukushauri ufungue kisanduku ukate kile kipimo cha ethi, mkatalie hata kama ni rafiki yako.

Ethi ikishakaa sawa, utakutana na suala la ampea, na hapo kebo ya Japani itakuangusha. Ile iliyokuja na gari kwa kawaida imeandikwa volti 200, ampea 15, na haina kitufe cha kupunguza. Inaliambia gari "vuta 15", gari linavuta karibu kilowati 3, na stesheni inayoweza kutoa wati 2,000 inajizima. (Na hata ukutani, ampea 15 kwa masaa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13 si salama. Baada ya nusu saa weka mgongo wa mkono kwenye plagi. Ikiwa huwezi kuuacha hapo, chomoa.)

Kwa hiyo kama utanunua kebo, nunua kwa sababu hii: iwe ya Type 1, ile ya duara yenye pini 5, na iwe na kitufe cha kuchagua ampea kuanzia 6. Sita ndiyo kiwango cha chini kabisa ambacho mfumo huu unakubali. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380, na stesheni yako inabeba bila shida. Iweke kivulini feni zake zipate hewa. Buti ya gari iliyofungwa kwa joto la Dar si mahali pake. Ukitumia ekstensheni ya kuviringisha, ifungue waya wote.

Sasa hesabu, maana naona unapanga kwenda nayo Morogoro. Wati-saa 2,000 ni uniti 2 za LUKU. Inveta inakula yake, chaja ya gari inakula yake, kwenye betri ya gari zinafika uniti moja na nusu hivi. Kwa Leaf hiyo ni kilomita 8 hadi 10, baada ya kukaa pembeni ya barabara zaidi ya saa moja. Inakutoa Mbezi hadi kwenye soketi ya jamaa yako, haikufikishi Chalinze. Kwangu inakaa kwa kazi hiyo tu ya kuokoa, na kwa kazi hiyo naipenda.

Mimi ningekushauri ufikirie upande wa pili. Gari lako limebeba betri kubwa mara kumi na zaidi kuliko hilo sanduku. Umeme ukikatika usiku, washa Leaf hadi READY (tayari kuendeshwa), chomeka pawa stesheni kwenye soketi ya volti 12 kwa waya wake wa gari, itaingia kama wati 100 hivi. Inatosha taa, ruta, televisheni na feni. Japani mwaka 2012 Nissan na kampuni ya Nichicon walianza kuuza kifaa cha kutoa umeme wa Leaf kuendesha nyumba nzima kupitia tundu la CHAdeMO (lile la kuchaji haraka), ila ni ghali, na kinafungwa na fundi aliyesomea.

Kwa leo pima zile volti tatu na stesheni ikiwa imechomolewa ukutani, uziweke hapa pamoja na picha ya maandishi nyuma ya kisanduku. Hakikisha pia stesheni yako imeandikwa "pure sine wave", yaani inatoa umeme wa mawimbi laini kama wa ukutani, kwa sababu kama siyo, chaja ya gari inaweza kugoma hata ethi ikiwa sawa.